Mwalimu wa Kiingereza na Shamba la Ng'ambo

Watu niliosoma nao husema alikuwa mwalimu bora kuliko wote waliopita kijijini kwetu. Ni kweli, na ninaanza na hilo nisije nikaambiwa nimelificha. Alitufundisha Kiingereza darasa la sita na la saba, katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa kando ya reli kati ya Kilosa na Kidete, na mimi ni mmoja wa wasichana wawili waliokwenda sekondari kwa sababu yake. Hata hivyo, katika miji yote niliyokaa, na nimekaa mingi kwa sababu sijui kutulia, sijapata mtu mwingine niliyemchukia kwa muda mrefu kama yeye.

Jina lake sitalitaja. Hata wakati ule hatukulitumia. Walimu wengine walikuwa na majina. Yeye alikuwa Mwalimu wa Kiingereza tu, na mama zetu walipotaka kututisha walisema, "Mwalimu wa Kiingereza anapita," nasi tukanyamaza hata kama hakukuwa na tulichokosea.

Alikuwa na baiskeli nyeusi aliyoing'oa kengele. Fundi wa pale stesheni alipomwambia kwamba anayo kengele nzuri ya kumfungia, alijibu, "Kengele inawaambia watu waache wanachokifanya. Mimi nataka niwakute wanakifanya." Fundi alicheka akidhani ni mzaha. Nilikuwa nimesimama hapo na kibuyu cha maji, na nilimwona Mwalimu akimtazama fundi mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Darasani hakukaa mbele. Aliandika ubaoni, akatoka nje, akafundisha akiwa dirishani, mara dirisha hili mara lile, kwa hiyo ulisikia sauti yake bila kujua macho yake yako upande gani. Ukigeuka kumtafuta ulikuwa umekosa tayari. Jioni alizunguka majumbani. Hakuna aliyemtuma. Alikuja saa za kupika, akaegesha baiskeli, akaitikia shikamoo za watoto moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, kisha akainama na kufunua chungu.

Kwetu alikuja mara nyingi. Nakumbuka siku moja alivyosimama na kifuniko mkononi, mvuke ukimpanda usoni.

"Mama, leo mnapika nini?"

"Si unaona, Mwalimu? Muhogo."

"Muhogo wa kijiji haujakomaa."

"Huu nimepewa."

"Na nani?"

"Mwalimu, umekuja kula au umekuja kuhesabu vipande?"

Sisi watoto tuliangua kicheko, na yeye akatabasamu kidogo, akarudisha kifuniko taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Hakula. Hakuwahi kula katika nyumba yoyote aliyofunua chungu chake, hata akaribishwe kwa magoti. Wengine walimsifu kwa hilo, wakasema si mtu wa tamaa. Mimi naona heri angekula. Mtu akila kwako anapata haya kidogo.

Alikuwa na misemo yake ya darasani, na mkubwa kati ya hiyo ulikuwa, "Andika ulichokiona." Hakutaka sentensi za vitabuni, zile za paka na mkeka. Ukimwandikia kwamba paka amekaa juu ya mkeka alikuuliza paka gani, wa nani, mkeka uko nyumba ipi. Kama huna jibu alikata sentensi nzima kwa wino mwekundu. "Kiingereza cha uongo ni uongo mara mbili," alisema. Tulimwamini. Ndiyo maana wanafunzi wake waliandika vizuri: kila mtu aliandika juu ya kwao, na wa kwao aliwajua.

Darasa la saba tulipofika kwenye vile vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na kijineno nyuma yake, alitumia siku nne kwa kimoja tu, watch over. Sijawahi kuona mtu akikipenda kitenzi namna ile. Alituambia watch peke yake ni kazi ya macho: unaitazama treni, unautazama mpira, ukimaliza unaondoka na vyenyewe vinaendelea bila wewe. Lakini watch over ni kukaa na kitu ili kisidhurike. Lazima hicho kitu kiwe kinaweza kuumia, na lazima wewe uwe umejitolea kusimama kati yake na baya.

Mwenzetu mmoja, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliinua mkono akatoa sentensi kwamba kila asubuhi yeye ana-watch over treni ya mizigo.

"Treni inakuhitaji wewe?" Mwalimu aliuliza kutoka dirishani.

"Hapana, Mwalimu."

"Usipokwenda itaumia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi unaitazama tu, kama mbuzi wa stesheni. Kaa."

Mbuzi wa Stesheni likawa jina la yule mwenzetu mpaka tulipomaliza shule.

Kisha Mwalimu akatutoa nje, akatupeleka shamba la kijiji. Mahindi yalikuwa yamebeba, na kila darasa lilikuwa na zamu ya kuwafukuza nyani wanaoshuka kutoka milimani. Palikuwa na dungu, lile jukwaa la miti la kukalia mlinzi, na chini yake debe la kugonga. Akatupandisha juu wanne wanne. "Mnaona? Mahindi hayawezi kukimbia. Nyani wana akili kuliko nyinyi. Ukisinzia, kijiji hakili. Hiyo ndiyo watch over. Sasa kila mtu akaandike nyumbani sentensi moja ya kweli. Nani kwenu analinda nini?"

Nitasema pia mema yake, maana yapo. Mwaka wa mafuriko alimbeba mtoto wa jirani yetu kwenye baiskeli ile ile isiyo na kengele mpaka hospitali ya Kilosa, njia yote matope, na mtoto akapona. Kamati ya kijiji iliposema wasichana wawili kwenda sekondari ni wengi, wapunguzwe wakasaidie shamba, yeye alisimama mkutanoni akasema kama ni kupunguza waanze na watoto wake mwenyewe. Mvulana mmoja aliyefaulu lakini hana viatu aliondoka kijijini amevaa viatu vya Mwalimu, vimejazwa matambara mbele. Alipenda redio. Alikaa nje ya nyumba yake akiwa ameegemeza sikio kwenye spika, akirudia maneno ya Kiingereza kwa midomo bila sauti, uso umelegea, na wakati huo ungeweza kupita mbele yake na gunia la kitu chochote asikuone.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu, na hayakunipunguzia chuki hata kidogo. Mtu mbaya moja kwa moja ungemkwepa. Huyu tulimkimbilia.

Ile sentensi ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Kabla ya kuhamishiwa kijijini tulikaa ng'ambo ya mto Mkondoa, mlimani kidogo. Tulipohamishwa tuliambiwa mashamba ya zamani basi, anayerudi kulima huko anakirudisha kijiji nyuma. Watu wengi walitii. Mama hakutii. Kule ng'ambo kulikuwa na kaburi la kaka yangu, mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla hajajua kutembea. Pembeni ya kaburi mama alipanda muhogo, na kila alipopata nafasi alivuka, akapalilia muhogo na kufagia kaburi. Baba alikuwa ameshafariki. Waliojua habari hiyo walikuwa watatu: mama, mimi, na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Niliandika kwa Kiingereza kwamba mama yangu analinda kaburi la kaka yangu na muhogo wake ng'ambo ya mto. Nilitumia watch over mahali pake barabara. Kaburi haliwezi kukimbia, muhogo hauwezi kukimbia, na mama alisimama kati yao na nyasi. Nilijua ni sentensi nzuri kuliko ya mtu yeyote darasani. Kwamba ilikuwa siri, nilijua pia. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwangu Kiingereza kilikuwa mahali pengine kabisa, si kijijini. Mama asingeweza kukisoma, kamati isingeweza kukisoma. Niliona kama nimeiandika angani.

Daftari lilirudi na alama zote kumi. Chini yake, kwa wino mwekundu: "Vema sana. Ongeza maelezo. Wapi? Siku gani?"

Niliongeza. Niliandika sentensi tatu zaidi, na hata leo naweza kuzisema kwa moyo: kwamba unavuka penye kivuko cha mawe, kwamba unapanda mpaka kwenye mkuyu uliopasuka, na kwamba mama huenda siku ya gulio la Kilosa kwa sababu siku hiyo hakuna anayeuliza mtu amekwenda wapi.

Siku ya gulio iliyofuata mgambo wanne walivuka penye kivuko cha mawe. Hawakutafuta. Waliufyeka muhogo wote, wakachoma kibanda alichokuwa akipumzikia mama, na wakamleta kijijini kwa mguu, jembe lake likiwa limebebwa mbele kama ushahidi. Mkutano ulikuwa umekwisha kuitwa. Mama alisimama mbele ya watu akaambiwa aeleze kwa nini anahujumu kijiji. Alisema ana mtoto wake kule. Mwenyekiti akamwambia wafu hawali muhogo. Wapo waliocheka. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amekaa kwenye benchi la walimu, miguu pamoja, mikono juu ya magoti. Hakucheka.

Kwa adhabu mama alipewa kazi ya mwezi mzima kwenye shamba la kijiji. Lakini hilo halikumwumiza kama alivyoumizwa na jambo jingine. Wiki moja kabla, mama mdogo alikuja kuomba muhogo, mama akamnyima kwa sababu ulikuwa umebaki mchache, wakarushiana maneno, na mama mdogo akatoka akisema kwa sauti, "Na mimi najua pa kusemea!" Majirani wote walisikia. Sasa mama alipotoka mkutanoni alipita moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mdogo wake.

"Umefurahi?"

"Dada, Mungu mmoja, si mimi!"

"Tulikuwa watatu. Mimi sikujisema. Na huyu ni mtoto." Alinionyesha mimi.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika jembe. Mama mdogo alinitazama. Sikusema kitu. Nilijiambia nitasema mama akitulia. Kisha nikajiambia nitasema baada ya mitihani. Mama mdogo alihamia Tindiga kwa wakwe zake mwaka ule ule, na tangu siku ile mama hakumwita tena mdogo wangu. Alisema, "yule wa Tindiga."

Sentensi yangu iliyofuata ilihusu kuku. Mwalimu aliisoma, akaandika kwa wino mwekundu, "Kiwango kimeshuka."

Nilimaliza kidato cha nne Morogoro, nikafanya kazi ya ukarani miezi kadhaa, nikaondoka. Nimekaa Tabora, Mbeya, Songea, na Tanga mara mbili. Kila mahali nilifika nikiwa na hamu, na kila mahali nilianza kukumbuka kule nilikotoka, harufu ya mahindi mabichi na mlio wa treni ya mizigo ikipanda kuelekea Kidete, mpaka nikafunga mzigo tena. Nyumbani nilikwenda kwa ziara fupi. Mama alizidi kuzeeka na hakuzungumza juu ya yule wa Tindiga. Mimi nami nilizidi kumchukia Mwalimu. Nilikuwa nikiosha vyombo Songea, nikamkumbuka na kifuniko chake, nikavunja sahani.

Nilikuwa Iringa nilipopata barua. Mama mdogo ni mgonjwa sana, tumbo limevimba, hali chakula, na anamwomba dada yake aje amwone kabla hajafa. Mama amejibu haendi. Barua iliandikwa na binti wa mama mdogo, na mwisho wake aliuliza kama mimi siwezi kumlainisha mama. Nilipanda basi siku hiyo hiyo. Mikumi ndipo unapoiacha barabara kuu kwenda Kilosa, nikashuka, nikakaa kwenye mgahawa mmoja wa stendi kusubiri basi.

"Dawati la tatu, upande wa dirisha," sauti ilisema nyuma yangu. "Bado unakaa hivyo hivyo, umeinamisha bega."

Sikuhitaji kugeuka. Niligeuka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ukutani, mzee sasa, mwembamba, macho yale yale. Mdomo wangu ulitamka shikamoo kabla sijaamua.

"Marahaba, binti. Mgahawa huu ni wa mwanangu. Nakaa hapa, naona watu." Akamwita msichana wa kuhudumia. "Mletee chai. Huyu nilimfundisha mimi. Hakuna aliyeandika kama huyu."

"Sitaki chai."

"Mletee."

Nilimwacha aseme kidogo, juu ya watoto wake na mguu wake. Kisha nikamwuliza. Nilikuwa nimelitunga swali hilo kwa miaka mingi, kwa maneno makali, lakini lilitoka fupi.

"Ni wewe uliyepeleka daftari langu kwa kamati?"

Hakujifanya hakumbuki. Hilo nalo lilinikera.

"Daftari sikulipeleka. Niliwasomea."

"Kwa nini?"

"Mwenyekiti alikuja nyumbani. Akasema wapo wanaovuka mto na walimu mnajua, mnawaficha. Mwalimu wa hesabu alikuwa amehamishwa kwa maneno kama hayo. Nilikuwa na madaftari arobaini mezani. La kwako lilikuwa juu."

"Kwa nini la kwangu?"

"Kwa sababu lilikuwa bora. Yaliyo bora nilikuwa nayaweka juu."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayenipa zawadi. Nilimtukana. Sitaandika nilichosema, ila msichana aliyeshika birika alirudi nyuma hatua mbili. Nilimwambia mama yangu alifanywa kichekesho mbele ya watoto. Nilimwambia juu ya mama mdogo, kwamba amebeba kosa hilo maisha yake yote na sasa anakufa Tindiga anamwomba dada yake, na dada yake amekataa, na ni kwa sababu yako, wewe mzee unayekaa kwenye kiti ukiwaambia watu wameinamisha bega.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na hajui?"

"Hajui."

Nje mpiga debe alianza kuita, "Kilosa! Kilosa, mzee, Kilosa hiyo inaondoka!" Basi lilikuwa limeingia na injini inanguruma.

Mwalimu akashika ukuta, akasimama. Ilimchukua muda. Akatoa kofia msumarini.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama yako. Nitamwambia ni mimi. Leo akijua, kesho anaweza kufika Tindiga." Alikuwa akitafuta viatu kwa vidole vya miguu chini ya kiti. "Ila ataniuliza nilijuaje, binti. Na nitamwambia nilisoma wapi. Sitaweza kusema nusu."

Nilimtazama akivaa kiatu cha kwanza. Nilikuwa nimemtaka afanye jambo hilo hilo kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nilimtaka apige magoti kwenye ua wa mama. Sikuwa nimewahi kuwaza kwamba siku hiyo na mimi nitakuwa nimesimama pale uani, na kwamba mama, akishamaliza kumsikiliza yeye, atageuza shingo anitazame mimi.

"Limejaa," nilisema.

Alichungulia nje. Basi lilikuwa pale mlangoni, mchana kweupe, viti vya mbele vyote vinaonekana vitupu. Alilitazama, akanitazama mimi, kwa yale macho yake, kwa muda ule ule aliomtazama fundi wa baiskeli.

"Limejaa, Mwalimu," nilirudia.

"Haya," alisema. Akaketi, akavua kiatu.

Nilipanda basi hilo hilo, peke yangu. Nilimkuta mama, nikamwambia watu wa Tindiga wanamsalimu, akasema marahaba yao, na hatukuongea zaidi. Mama mdogo alizikwa siku tisa baadaye. Mama hakwenda. Alikaa mlangoni na ungo, akachambua maharage mpaka yakaisha, kisha akayarudisha kwenye gunia na kuanza upya, na mimi nilikaa pembeni yake nikimsaidia.